Mgongo wa Baba Watoto

Mwenzangu uko wapi? Nilikwambia huu mgongo wa mume wangu siuelewi!!

Yale mazoezi ya mgongo ya kwenye simu, si mtaalamu wa viungo anamwangalia kwa kamera? Kila siku anajifungia chumbani, eti asisumbuliwe. Ndoo za maji nabeba mimi, mtungi wa gesi mimi.

Leo nautafuta mtungi nikaujaze, jikoni haupo. Nikachungulia chumbani.

Anao yeye! Kaunyanyua, kaushusha, kaunyanyua tena. Kama mtoto mchanga. Na mluzi anapiga!

Yule dada mtaalamu kwenye simu anamwambia, "Safi sana. Lakini nilishakwambia umepona, mbona bado unanipigia?"

UMEPONA. NILISHAKWAMBIA. Lini??

Kugeuka, kaniona. Papo hapo mkono kiunoni: "Aah, mama watoto, mgongo…" Na dada wa watu bado yuko hewani, anatutazama tu.

Nimejilaza kwenye mkeka wake wa mazoezi, nikamwambia na wangu mgongo umeanza leo.

Kabeba mtungi, katoka, hata kuaga hajaaga.

Sasa nawaza lile goti lake la mwaka jana.