Kipimo cha Mgonjwa wa Kitandani

Nyumba za Wafanyakazi, Namba 6,
Nyuma ya Hospitali.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu na za mwanao Chiriku. Hujambo wewe? Mgongo wa Baba Mapacha unaendeleaje, na Mama bado anaikataa miwani? Sisi huku tu wazima. Mimi goti la kushoto linanisumbua nikisimama sana jikoni, lakini hilo si la kumlilia mtu.

Najua umeshika bahasha ukasema, leo wifi kaandika kurasa nyingi, kuna jambo. Lipo.

Chiriku anasafiri. Jumamosi ijayo anaingia mlimani kuifuata njia aliyopita baba yake, siku nne kwa miguu, kabla mwaka wa msiba haujatimia. Nimembembeleza, nimemnunia, nimekaa siku mbili bila kumsemesha. Unamjua, alichorithi kwenu ni pua na ukaidi. Anayempeleka ni fundi saa, rafiki wa marehemu, aliyekuwa naye siku ile alipoteleza. Ndiyo, yule yule. Nakuomba usiichane barua hii, isome mpaka mwisho.

Wiki mbili zilizopita aliniomba nimfungie chakula cha njiani. Akasema, "Mama, kama ulivyomfungia baba. Kiwe chepesi." Niliacha sufuria ikaungua.

Hukuwepo, kwa hiyo hujui jinsi nilivyokiandaa kile chakula chao wote wawili. Kaka yako na mgongo wake mbovu aliogopa mzigo kuliko mvua. Basi nilipika wali nikaukausha, nikafanya vivyo hivyo na dengu, nikaongeza karanga, tende, maziwa ya unga na vipande vya nyama kavu. Ukitia maji ya moto, chakula kinarudi. Nilipima kila mlo kwenye mizani, nikaufunga peke yake na kuandika siku juu yake. Gramu mia nne kwa mtu kwa siku, siku nne kamili, bila hata punje ya akiba. Mfuko ulikuwa mwepesi hata nikajisifu mbele ya majirani. Kaka yako aliuinua kwa kidole kimoja akacheka.

Wifi, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha karibu mwaka mzima.

Nilirudi kazini wiki tatu baada ya maziko. Pale ukutani jikoni kuna karatasi ya vipimo yenye safu tatu: mgonjwa wa kitandani, mgonjwa anayetembea, na mtu wa kazi nzito. Miaka ishirini na miwili nimepika kwa safu ya kwanza, mkono wangu hauijui nyingine. Nilisimama mbele ya karatasi ile na mwiko mkononi, nikaona nilichokifanya. Wanaume wawili waliobeba mizigo kupanda mlima, niliwapimia chakula cha mtu aliyelala. Kisha mvua iliwazuia siku nzima mtoni, na siku hiyo sikuwa nimeifungia kitu. Kaka yako aliteleza siku ya tano, miguu imemlegea kwa njaa.

Kumbuka tulivyosema tulipoona mfuko umerudi mtupu. Tulisema fundi saa ndiye aliyekula, kwa sababu ni mnene na anapenda kula. Ukamwandikia kwamba amekula fungu la kaka yako. Mimi ndiye niliyekupa anwani yake, na nilipoujua ukweli nikanyamaza. Maneno yakaenea, watu wakaacha kumpelekea saa zao. Nikikutana naye sokoni nilikuwa nageukia nyanya, nazibonyeza moja moja mpaka apite.

Safari hii nimeanza upya. Nimechukua safu ya tatu, gramu mia nane na hamsini, na nimefunga siku tano kwa safari ya siku nne. Sikuiamini karatasi peke yake. Siku tatu mfululizo nilibeba mfuko mzima mgongoni, nikapanda na kushuka ngazi za wodi baada ya kazi, na sikula kitu kingine ila kilichomo humo. Mfua shuka akauliza kama nimeposwa na mwanajeshi. Siku ya kwanza jioni nilikuwa na njaa, nikaongeza karanga na mafuta. Siku ya tatu nililala nimeshiba, kisha nikaujaza mfuko upya. Ungeniona na goti langu hili ungenicheka hadi machozi.

Lakini sikuweza kumkabidhi fundi saa mfuko nikiwa na domo zito. Jumatano nilikwenda dukani kwake. Alikuwa ameinamia saa ya mkononi, kioo chake jichoni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Ndipo akakitoa kile kioo.

"Shemeji, nilijua tangu siku ya pili," akasema. "Tulifungua cha mchana tukatazamana. Mwenzangu akacheka, akasema, 'Mke wangu kanizoea nikiwa na homa.' Halafu akaniapisha. Tukirudi, nisikwambie kwamba hakikutosha, maana utajiumiza roho."

Nikamuuliza kwa nini hakujitetea sisi tulipomtukana.

"Aliyenikataza hayupo wa kuniruhusu," akasema.

Nililia pale pale, wifi, mbele ya mteja aliyekuja kubadilisha betri.

Chiriku nimeshamwambia. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi saa nzima. Aliporudi alisema mfuko ni mzito, hatuwezi kupunguza kidogo? Nikamwambia hapana. Akaubeba mgongoni. Bado haniongeleshi kama zamani, na sijui atarudi na moyo gani.

Na wewe ukinikasirikia, una haki yote. Alikuwa kaka yako wa pekee. Mama msomee haya au usimsomee, wewe ndiye unayeijua presha yake. Sikuombi unitetee kwa yeyote.

Msalimie Baba Mapacha, wabusu mapacha wote wawili, na Mama mwambie mkwe wake anamshika miguu. Mungu awape afya na usingizi mwema, na amrejeshe mtoto wetu akiwa ameshiba.

Barua hii ikikufikia, watakuwa wameshaondoka. Ukishika kalamu usinijibu mimi kwanza. Mwandikie fundi saa kwanza, anwani yake unayo. Mimi nitangoja.

Wifi yako akupendaye,
Mama Chiriku