Makubazi ya Mwalimu

Chumba cha nyuma,
Duka la cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko, na goti lako linaendeleaje? Wajukuu bado wanakupanda mgongoni ukifumba macho kutafakari? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umevunjika. Tafadhali soma ukiwa umeketi.

Mwalimu wetu wa kutafakari ametutoka. Jumanne asubuhi alikuwa kwenye benchi lake akishona kiatu cha mteja, akalaza kichwa juu ya kazi kama mtu aliyechoka, hakuinuka tena. Dereva wa basi, yule anayekoroma sote tukiwa kimya, ndiye aliyekuja dukani kuniambia. Najua uliketi na Mwalimu miaka ishirini kabla hujahamia huko. Pole sana, Shangazi wangu.

Sasa nikiri jambo. Katika barua zangu nilikuwa nakuandikia kwamba kila Alhamisi naenda kutafakari. Nilikudanganya. Miezi minne sikukanyaga pale.

Siku ya mwisho niliyokwenda, nilijigamba mbele ya wenzangu kuwa nimekaa saa nzima bila wazo hata moja. Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Na hiyo saa nzima, nani alikuwa anaihesabu?" Watu wakaangua kicheko, na yeye pia. Unanijua, si bure aliniita Pasi, maana napata moto upesi na kupoa ni kazi. Nikatoka nimefura, nikavaa viatu vya kwanza nilivyoona mlangoni. Kufika nyumbani, kumbe nimevaa makubazi yake, na vyangu, vile vilivyoachama mbele, nimeviacha kule.

Nimemwibia viatu fundi viatu! Ningerudi kwa uso gani? Alhamisi nyingi niliyafunga kwenye gazeti, nikafika hadi kona, nikageuka.

Nikajipa moyo kwamba kutafakari hakuhitaji watu. Mbona Buda alikaa peke yake? Nikasahau kwamba alipoinuka aliwatafuta wenzake. Nilikuwa nakaa mbele ya cherehani, nafumba macho, nagombana na nafsi yangu basi. Hapakuwa na wa kunicheka nikijidanganya, wala mgongo wa jirani wa kunifanya ninyooshe wangu. Hata kukoroma kwa Dereva nilikukumbuka.

Jumatano tulimzika. Alhamisi nikaenda, makubazi mkononi. Viatu vyangu vilikuwa mlangoni pamoja na vya wenzangu, vimeshonwa, vimepigwa rangi hadi vinang'aa. Muuguzi, yule wa kuketi karibu na dirisha, aliniambia kwamba kila Alhamisi Mwalimu alivipangusa na kuvipanga pale kabla ya kuanza. Wakimuuliza, anajibu, "Mwenyewe yuko njiani." Alhamisi hii Muuguzi ndiye aliyevipanga. Miezi yote hiyo Mwalimu alivaa ndala za plastiki, fundi mzima. Nililia bila kujificha.

Tumebaki sita. Hakuna aliyetaka kugonga kengele yake ya kuanzia, mwisho wakanitazama mimi. Nikasema sijui kitu. Muuguzi akasema hata wao hawajui, ndiyo maana wanakuja. Basi nikayaweka makubazi pale alipozoea kuyavua, nikaigonga kengele.

Shangazi, sikutulia hata dakika moja. Nilimwaza yeye tangu mwanzo hadi mwisho. Baadaye, zamu yangu ya kusimulia nilivyotafakari ilipofika, nikasema hivyo hivyo. Hakuna aliyecheka, nami nilitamani sana kusikia kicheko cha mtu mmoja.

Alhamisi saa kumi na moja jioni, keti huko nasi tuketi huku. Tutajihesabu kuwa saba.

Nisalimie binamu na mkewe, na wajukuu uwabusu mmoja mmoja. Uwe salama, uwe na amani, na goti lako likuhurumie.

Ni mimi nikupendaye, niliyechelewa,
Pasi