Meza ya Mbao Mbichi

Hapana, Neema mjukuu wangu, kugombana na mumeo wiki ya tatu si dalili kwamba ulikosea kuolewa. Sisi hapa Moshono wazima, babu anakusalimu.

Nilipokuwa bibi harusi, maduka ya Arusha yalianza kujaa meza za kutoka nje, lakini babu yako alitaka kumtengenezea mama yake meza kwa mkono. Nilimtazama akipiga randa, maranda yakimtua nyweleni, nikaunguza ndizi. Hakuweza kungoja mbao zikauke. Tulipoifikisha kwa mama yake, kule juu Meru, meza ilikuwa imepinda. Babu akainama kwa aibu.

“Mama, mbao zilikuwa mbichi.”

“Kwani ninyi wawili mmeshakauka?” Mama akaweka chai yake juu ya meza ile, akaishikilia isimwagike.

Njia nzima kurudi, babu hakuniachia mkono. Mwezi huu hautaisha kabla sijafika kwenu Dodoma, niwaone wote wawili.