Gawanya kwa Kipeo cha Zamani

Kericho, 3 Machi 1974

Mdogo wangu Yunia,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, baba anakohoa lakini bado anachuma chai. Wewe je, na baridi ya bwenini?

Nisikufiche, naona wivu. Tangu niache Form Three nimuuguze mama, kila ukija likizo na ile tai yako ya shule nageuka kando. Mwaka huu nitafanya mtihani wa Form Four kama praiveti, bila shule. Hesabu za Ziada zikinishinda, nitazeekea kwenye majani chai. Diferenshiesheni nimeielewa kwa kitabu ulichoniachia, lakini kurasa za integresheni zimechanika. Niandikie kanuni.

Dada yako,
Elmina

Bomet, 17 Machi 1974

Dada mpendwa,

Salamu zimefika. Mimi mzima, ila maharage yametuchosha.

Ni rahisi. Ongeza moja kwenye kipeo, kisha gawanya kwa kipeo cha zamani. Kwa hiyo 3x² inakuwa 3x³ kugawanya kwa 2. Basi. Fanya hamsini uzoee.

Mdogo wako,
Yunia

Kericho, 31 Machi 1974

Yunia mpenzi,

Hujambo? Huku mvua imeanza.

Nilifanya ishirini nikasimama. Unajua hapa kwenye mizani karani hupima kikapu na majani, halafu kikapu kitupu, ndipo tunakubali. Basi nami nikalirudisha jibu lako nyuma kwa diferenshiesheni, maana moja ni kinyume cha nyingine. Badala ya 3x² likatoka 9x² kugawanya kwa 2! Nikajaribu kugawanya kwa kipeo kipya, yaani 3. Nikapata x³, nayo ikarudi sawasawa. Mmefundishwa vibaya, mdogo wangu. Mwambie mwalimu upesi, usije ukafeli.

Dada yako,
Elmina

Bomet, 26 Mei 1974

Dada,

U hali gani? Mimi mwili mzima, roho haina raha.

Mwalimu alitufundisha vizuri. Ni mimi, na likizo nilishindwa kukwambia usoni. Kila barua ya baba inauliza, "Umemfikia Elmina?" Wewe unachuma chai kutwa na bado nalinganishwa na wewe. Niliogopa utanipita kwenye mtihani huo huo, nikakupotosha makusudi. Na kuna kingine nilikuficha: mwishoni huongezwa namba isiyojulikana, C, kwa sababu namba iliyosimama peke yake hupotea ukidiferenshieti. 3x² inatoa x³ + C. Ukiisahau wanakukata maksi. Nisamehe.

Mdogo wako,
Yunia

Kericho, 9 Juni 1974

Yunia,

Mimi mzima. Baba mzima.

Nilikasirika hata nikachuma ovyo, nyapara akayamwaga majani yangu. Kusamehe bado. Baba aliuliza umeandika nini, nikamwambia umenifundisha hesabu.

Sasa niandikie sura inayofuata, na usiache kitu. Nataka kukupita kwa haki.

Dada yako,
Elmina