Mnyoo wa Plastiki kwenye Sahani ya Tende

Makame, uko? Pokea taarifa rasmi ya rafiki yako Abubakari. Ndiyo, ni mimi, ila leo siwezi kutamka "mimi".

Kesho Ijumaa baba yake Abubakari hana zamu, wanakwenda kuvua mikokoni Al Khor. Abubakari akachagua chambo, mnyoo wa plastiki laini, mwembamba, akaizamisha ncha ya ndoano ndani yake isinase mizizini. Ukiutazama, ndoano huioni.

Halafu shetani akamwambia amshtue mama. Akauweka kwenye sahani ya tende.

Aliyeufikia kwanza ni mdogo wake, Riziki. Ana miaka mitatu, Makame! Akautia mdomoni!

"Mama, ana ndoano mdomoni!"

Mama hata hakugeuka. "Leo hunipati, Abuu. Jana ulisema chooni mna nyoka."

"Wallahi, mama!"

"Usimtaje Mungu kwa upuuzi wako."

Na Riziki anautafuna. Anautafuna huku anacheka!

Abubakari akapiga magoti, akaachama kama kinda. "Aaa." Riziki naye, "Aaa." Mnyoo ukadondoka kiganjani, ncha imeshatokeza.

Mama akaiona. Akaketi sakafuni, akamkumbatia Riziki, na mpaka sasa hajamsemesha Abubakari.

Bora angempiga.