Bonge Hatoki Kikosini

Maili Moja,
Kibaha.
27 Julai 2025

Mpendwa mume wangu Dulla,

Asalaam aleikum. Na marahaba pia, maana najua ungekuwa mbele yangu ungeniamkia kwanza ndipo uulize kama chai ipo.

Hujambo lakini? Habari za huko kambini jeshini, na za huo mchakamchaka wa alfajiri? Kigoma kuna baridi? Unakula ukashiba, au unaona aibu kurudia kama kawaida yako ugenini? Nasikia wamewanyoa nyote vipara. Masikini mume wangu, na kichwa chenyewe kile kina kona! Vaa kofia. Nakuombea kwa Mungu uwe mzima wa afya, miguu isivimbe, na hao wakuu wako wakukute na adabu niliyokufunza.

Mimi mkeo sijambo. Goti lililonileta hapa kwa matibabu limekubali dawa. Sasa natembea na fimbo mpaka ng'ambo ya barabara, kwa Stellamaris fundi cherehani, na narudi mwenyewe bila kushikwa. Shangazi yako Anifa naye mzima, ila kiwanda kimembadilishia zamu. Anatoka hapa gizani kwenda Zegereni na kurudi jua limezama, kwa hiyo kutwa nzima nyumba hii ni yangu na kuku wake wawili.

Kule Maneromango mdogo wangu Mwanamvua ananitunzia shamba. Nguruwe pori wameingia kwenye mihogo, wamekula upande mmoja wote. Anasema amewafukuza kwa kupiga debe. Mimi namjua Mwanamvua, hilo debe alilipigia ndani ya nyumba.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu hamruhusiwi, na yako ninayo mimi. Na hiyo simu ndiyo habari yenyewe.

Kwanza nikushukuru. Siku uliponikabidhi ukasema, "Bibi, nishikie nafasi yangu kwenye ligi mpaka nirudi," niliitikia tu ili usikose basi. Ulipoondoka nikaiwasha, nikafungua huo mchezo wako wa mazimwi, nikaona kwenye kioo vidude vyenye macho vinaruka sebuleni kwa Anifa, juu ya kochi! Nikamwita Anifa nikamwambia, mwanangu, huyu mtoto ameniachia majini. Siku mbili simu ikalala ndani ya chungu, nimeifunika na kawa. Alikuja kuitoa Stellamaris, nahodha wa timu yenu, akanikalisha na kunifundisha. Kwamba zimwi unalikamata popote ulipo, likitokea unalitupia wavu. Kwamba banda lako lina mazimwi sita, na hao sita ndio kikosi. Kwamba timu yenu ina simu tano, ipo nafasi ya tatu, na zinazoingia mashindano ya mkoa ni timu nne za juu. Basi, mkeo akaingia vitani. Dulla, nilikuwa nimechoka kuhesabu vigae vya dari. Umenipa kazi ya kufanya na watu wa kubishana nao. Ahsante sana, ahsante tena.

Na huyo Stellamaris ni binti mzuri. Sisemi zaidi. Mke mwenzangu akiwa fundi cherehani, mimi sina neno.

Sasa sikiliza. Mwanzoni mwa mwezi huu mchezo ulitoa zawadi: zimwi jipya, Kipanga, ana mabawa ya moto na makucha kama reki. Ila ukimtaka lazima umwachie mmoja wa wale sita, na ukishamwachia ndiyo basi, harudi. Mwisho wa kumchukua ulikuwa Ijumaa ya tarehe kumi na nane, na Jumamosi yake tulikuwa na pambano la kufa na kupona. Stellamaris hakufikiri hata dakika moja. Akasema, "Bibi, mtoe Bonge. Huyu anazingua tu."

Nami kwa kweli nilikuwa nimeshamwona. Bonge si zimwi, ni tonge la ugali lililoota miguu. Mwenzake Radi akipiga, adui anayumba. Bonge yeye anapepesa macho. Pambano likiisha simu inaonyesha nani kapiga kiasi gani, na mbele ya Bonge kila siku ni sifuri. Sifuri, Dulla! Nikasema, huyu mume wangu kamweka wa nini?

Lakini wewe unanijua. Miaka thelathini nimekuwa mpishi mkuu wa shughuli pale Maneromango, arusi na hitima, na sikumfukuza mtu jikoni kwa kumtazama kwa macho tu. Tulikuwa na mama mmoja, Mungu amrehemu, hashiki mwiko wala hakuni nazi. Anakaa tu na kuni. Siku asipokuja, wali unaungua chini na juu mbichi, na wapishi wanatukanana. Kwa hiyo mimi mtu nikitaka kujua faida yake, namwambia leo pumzika, halafu natazama kinachoharibika.

Nikampumzisha Bonge. Pambano la kwanza tukafungwa. La pili tukafungwa vibaya, mpaka Stellamaris akatupa tepu yake ya kupimia. Ndipo tukakaa tukahesabu. Kumbe Bonge akiwa mbele, anawachokoza maadui wampige yeye, na kila akipigwa anampa aliye nyuma yake uhai kidogo. Radi akiwa nyuma ya Bonge anapata kupiga mara sita kabla hajaanguka. Bila Bonge, mara mbili tu. Nikamwambia Stellamaris, unaona? Huyu ndiye mama wa kuni.

Akaipitia tena ile hesabu. Halafu, kwa kuwa ana akili yule binti, akasema, "Sawa Bibi, nimekubali. Lakini wa Jumamosi wana zimwi linalopiga kwa kuruka juu ya aliye mbele. Bonge atamkinga nani?" Mchezo unaruhusu kumjaribu Kipanga pambano moja kabla ya kumchukua. Tukamweka mahali pa Bonge. Weee! Kabla sijavaa miwani vizuri pambano limekwisha, tumeshinda. Mimi siwezi kusema uongo kwa sababu nimeshampenda mtu. Nikakata shauri: Bonge ana faida, ila Kipanga amemzidi, na nimeahidi kushika nafasi. Sufuria nzuri ikipatikana kubwa zaidi, shughuli inapikwa kwenye kubwa.

Ijumaa mchana, pale pale kwa Stellamaris, nikafungua banda, nikamgusa Bonge, nikabonyeza Achilia. Simu ikauliza kama nina uhakika. Chini ya swali ikaweka kadi yake, maandishi madogo. Nimezoea kusoma kila kitu kabla sijatia saini, nikaisogeza simu karibu na macho.

Aliyemkamata: Maneno. Mahali: Kisarawe. Tarehe: 14 Juni 2023. Amepewa: Dulla.

Nilisoma mara tatu. Maneno mwanangu, baba yako. Tarehe kumi na nne ilikuwa Jumatano, yuko wodini Kisarawe. Jumamosi yake alitutoka.

Sijawahi kukwambia jambo hili, wala Anifa hajui. Jumatano ile nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake na uji kwenye chupa. Yeye ana simu mkononi, anainyanyua, anaielekeza dirishani, anaishusha, anainyanyua tena. Nikamfokea. Nikamwambia, mtu mzima na ndevu zako, unaumwa, badala ya kunywa uji na kumtaja Mola wako unachezea simu kama mtoto! Akacheka. Akasema, "Dakika moja tu mama, kinanikimbia." Alipomaliza akanipa simu mwenyewe, akanywa uji wote. Usiku ule akazidiwa, hakuongea sana tena.

Dulla, miaka miwili nimelibeba lile. Kwamba siku ya mwisho mwanangu kuwa na nguvu ya kucheka, mimi nilimgombeza. Nimeswali, nimelia jikoni peke yangu, halijatoka. Na wewe wakati ule ulikuwa hapa Kibaha kwa shangazi yako, unasubiri kuanza kidato cha tano, hatukutaka uje umwone katika hali ile. Kumbe mwenzangu alikuwa anakutafutia zawadi. Na mtu aliye kitandani hachagui, hukamata kinachopita karibu na kitanda. Kilichopita ni Bonge.

Nililia pale pale mbele za watu. Stellamaris aliacha gauni la mteja kwenye mashine akanishika. Nilipomwonyesha ile kadi, alikaa chini kwenye vitambaa vyake, akasema, "Bibi, hakuwahi kutuambia." Najua hukuwaambia. Wanaume wa ukoo huu mna midomo mirefu kwa mpira na soga, jambo la moyoni mnalimeza kama dawa.

Yule binti ndiye aliyebonyeza Ghairi, maana kidole changu nilikiogopa. Kipanga tukamwacha apitwe na muda wake. Nahodha mwenyewe ndiye aliyesema aachwe, na anajua fika alichokuwa anakikosa. Mshukuru ukirudi.

Sasa nikutobolee ukweli. Jumamosi tulifungwa. Ilikuwa vile vile Stellamaris alivyosema: waliruka juu ya Bonge wakampiga Radi mpaka akaanguka, na Bonge kabaki peke yake anapepesa macho. Tumeshuka mpaka nafasi ya sita. Mashindano ya mkoa mwaka huu hatuingii. Nilikuahidi kukushikia nafasi na sikuishika, na wenzako wanne wameumia kwa ajili ya uamuzi wangu. Nimewapikia pilau, wamekula na wamesema yameisha. Kwako naomba radhi kwa hilo. Kwa kumbakiza Bonge siombi radhi kwa mtu.

Tangu siku hiyo kadi ile nimeisoma mpaka nimeihifadhi kichwani. Chini kabisa kuna hesabu nyingine. Mapambano ya kikosi, mia nne na kumi na tano. Aliyoshiriki Bonge, mia nne na kumi na mawili. Yale matatu aliyokosa ni yangu, nilipokuwa nampima. Wewe hukuwahi kumwacha nje hata mara moja.

Nimemwonyesha Stellamaris nikamwuliza, huyu kijana amewezaje kufika nafasi ya tatu na huyu mbele siku zote, hata mbele ya wale wanaoruka? Akafikiri, akasema hajui, ila lazima ulikuwa unampanga kwa namna ambayo sisi hatuijui. Basi ndivyo tulivyokosea, mimi na upishi wangu na yeye na tepu yake. Tulikaa wiki nzima tunauliza Bonge ana faida gani, hatukuuliza wewe unamchezesha vipi. Ng'ombe haelemewi na nunduye, mume wangu. Ukirudi utakaa hapa karibu na goti langu unifundishe.

Ahsante kwa kuniachia simu hii. Ulikuwa na shangazi, ulikuwa na rafiki zako wanaojua mchezo, ukampa bibi kizee asiyejua hata kuiwasha. Kama ulikusudia nikutane na ile kadi, Mungu akulipe. Kama hukukusudia, akulipe vile vile. Najua sasa alichokuwa anakifanya mwanangu siku ile, na najua kwa nini alicheka. Nimelala usingizi wiki hii kama sijalala tangu tumzike.

Shangazi yako Anifa anakusalimu, amekuwekea soksi mbili kwenye bahasha hii, uzivae na usizigawe. Bibi yako Mwanamvua anakusalimu na debe lake. Stellamaris ameniambia nikusalimie "kawaida tu", nami nimeifikisha kama ilivyo. Nisalimie wenzako wa bwenini, hasa anayelala karibu nawe, mwambie avumilie kukoroma kwako.

Mola akulinde katika kila mguu unaouinua, akurudishe kwetu mzima, na yule aliyekutangulia amlaze pema. Kila asubuhi nawasha simu, namtazama Bonge, namwambia mwanangu, kicheke tena kile kicheko, mama yako hafoki.

Ni mimi mkeo mkubwa, wako akupendaye,

Bibi Mwanaasha