Shangazi Anauza Cherehani Sokoni, Mimi Nauza Kwenye Simu

Mama Mshauri mpendwa,

Naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi kuna kikao cha familia nyumbani kwa mjomba na ajenda ni mimi. Naitwa Luyando, naishi hapa Monze, nashona sare za shule na magauni ya vitenge, na tangu mwaka juzi nina blogu ndogo ya mambo ya ushonaji, jinsi ya kukata kola, jinsi ya kuweka zipu isijikunje, na wasomaji wangu si wengi, ni akina mama wa huku kusini na wachache wa mbali, lakini wananiuliza maswali kama vile tumeketi mkeka mmoja, na swali lao siku zote ni lile lile, dada, unashonea cherehani gani na tuipate wapi. Basi nikasikia kuna duka moja Lusaka linalouza kwa mtandao, unaweka kiungo chao kwenye makala yako, msomaji akikibonyeza akanunua wewe unapata kamisheni, nikajiandikisha, nikakaa wiki na wiki bila kitu, nikaanza kujiona mjinga, mpaka asubuhi moja simu ikalia kwamba mama wa Kalomo amenunua, nikacheza jikoni peke yangu mpaka ugali wa nshima ukaungua.

Sasa balaa lenyewe. Shangazi yangu, Bina Chimuka, anauza cherehani sokoni hapa hapa Monze, na ndiye aliyenifundisha kushona nilipoacha shule, akanipa na mashine yangu ya kwanza. Sikumwambia habari ya kiungo, nilijipa moyo kwamba wanunuzi wa simu si wanunuzi wake. Kumbe Mama Siachitema wa kwaya yetu, ambaye alikuwa amemwahidi shangazi kwamba akiuza mahindi atanunua kwake, alisoma blogu yangu akaagiza Lusaka, na mashine ilipofika hakujua hata kutunga uzi, akaibeba mpaka bandani kwa shangazi amwonyeshe, kibandiko cha duka kingali ubavuni.

Shangazi akamuuliza, "Hili duka nani kakuonyesha?"

"Si mpwa wako, kwenye simu! Anaandika vizuri yule mtoto, nakwambia."

Jumapili tulikuwa kwenye sherehe ya kumfunda bi harusi, na nilipoingia tu shangazi akasema kwa sauti, "Jamani mpisheni Luyando akae mbele, ana duka kubwa ndani ya simu. Sisi wa mabanda ya mabati tutakaa huku mlangoni." Wanawake wakacheka, mimi nikameza chibwantu, togwa letu la mahindi, bila kujua ladha yake. Mjomba ameshasema nifunge blogu na nipige magoti. Kupiga magoti siogopi, Mama, lakini hii blogu ndicho kitu cha kwanza maishani nilichoanzisha mwenyewe. Nifunge?

Luyando

*

Luyando mwanangu,

Jumamosi yako haikusubiri gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu. Haya ndiyo niliyokuambia, na nayachapa kwa ruhusa yako kwa sababu wapo wengine wenye blogu na shangazi.

Hufungi kitu. Kumwelekeza mtu mahali pa kununua na kupata chako ni kazi halali. Lakini usijifanye malaika. Umeficha mara mbili. Umemficha shangazi, na umewaficha wasomaji wako, maana nimeifungua blogu yako nikaisoma yote na sijaona popote ulipoandika kwamba wakinunua unalipwa. Mwanamke anauza mahindi yake kwa sababu amekuamini wewe, halafu hajui una mkono ndani! Leo hii, juu kabisa ya makala, andika kwa lugha ya kueleweka: ukinunua kupitia hapa napata kamisheni, na bei yako haipandi. Watakaokimbia wakimbie. Wengi watabaki, tena watakuheshimu.

Ukishaandika hivyo, ondoa kile kiungo kingine nilichokiona humo, cha pasi ya umeme. Umewahi kuishika ile pasi? Hujawahi. Sifia kile ulichoshonea mwenyewe, na useme na ubaya wake. Blogu ndogo haina mtaji mwingine zaidi ya kuaminiwa. Na sare za shule usiache kushona, kamisheni ni ya kuongezea, bado haijafika ya kulea mtu.

Sasa shangazi. Usimsubiri kwenye kikao mbele ya wanaume wenye maneno mengi. Nenda bandani kwake kesho, piga magoti, omba radhi kwa kumficha, ila usiombe radhi kwa kufanya kazi. Kisha mwambie hivi: yale ninayofanya na duka la Lusaka nataka kuyafanya na wewe. Wasomaji wa Monze, Mazabuka na Pemba yetu ya hapa jirani niwalete kwako, na kila mashine unitolee kidogo. Wa mbali waende Lusaka. Na wote walionunua wasiojua kutunga uzi, wewe ndiye fundi wa kuwafundisha, kwa malipo. Akifoka, mwache afoke. Ana haki.

Wasomaji wangu, nilikata simu bila kujua kama ana ubavu huo. Ijumaa jioni Luyando akanipigia, sauti imekauka kwa kulia na kucheka. Shangazi alimwacha amepiga magoti muda mrefu huku akihudumia wateja, halafu akasema, "Kumbe ni udalali tu! Mbona hukusema? Udalali nimeufanya kabla mama yako hajaolewa. Haya, nipige picha ya kuweka kwenye hiyo simu yako. Ngoja kwanza, siwezi kuonekana Mazabuka na kitambaa hiki kichwani."

Makala ya banda la Bina Chimuka ikatoka usiku ule ule, na maelezo ya kamisheni yakiwa juu kabisa. Kesho yake mjomba alifungua kikao kwa sala ndefu, akakohoa, akamgeukia shangazi aeleze jambo lililowakutanisha.

"Jambo gani?" shangazi akasema. "Mimi na mwenzangu tuna wateja saa nane. Pakueni tule."